Mpaka Avue Nguo ya Kilio

Mume wangu Evariste alikuwa mtu wa kumaliza kwanza. Ukimwita kula, atasema ngoja nimalize safu hii ya mawe. Ukimwambia twende tukamwone mgonjwa, atasema ngoja nimalize kukata ubao huu. Na nilipomwambia, si mara moja, kwamba mtu mwenye nyumba na watoto anapaswa kuandika wosia, testament kama tunavyosema hapa Goma, alinijibu kwamba ataandika nyumba ikishakwisha, maana huwezi kugawa kitu ambacho bado hakijawa kitu. Jibu lilikuwa zuri. Akafa nyumba ikiwa nusu.

Hiyo nusu naomba muielewe vizuri, kwa sababu ugomvi wote ulikaa ndani yake. Kiwanja chetu kiko Ndosho. Upande wa nyuma kuna nyumba ndogo ya mbao tuliyoanzia maisha. Upande wa barabara Evariste alikuwa anajenga nyumba ya kudumu, ya mawe na sementi. Vyumba viwili vya kwanza vilikuwa na bati na mlango wa chuma. Vilivyobaki vilikuwa kuta tu, zimefika kifuani na kusimama hapo. Yeye aliuza mbao sokoni Birere. Mimi niliuza sambaza, samaki wadogo wa ziwa, niliokuwa nikiwachukua ufukweni Kituku asubuhi wakiwa bado wanarukaruka. Kila ukuta uliopanda, nilijua samaki wangu wamo humo ndani.

Alianguka Birere, mbele ya mbao zake mwenyewe. Waliomleta walisema ni tension, presha ya damu. Ndugu zake wakashuka kutoka Butembo, tukamzika, na mimi nikavishwa nguo nyeusi jinsi ukoo wao unavyotaka.

Desturi yao ni hii. Anayemvika mjane nguo ya kilio ni dada wa marehemu, na huyo huyo peke yake ndiye humvua. Wakati wote wa kilio mjane analala mkekani, hampi mtu mkono, haketi karamuni. Siku ya kutosha kilio, yaani kukiondoa, anapelekwa kwenye maji. Hapo yeye mwenyewe hufungua fundo la kwanza kwa mkono wake, ndipo wifi anamalizia, anamwosha na kumvika kikwembe, kitenge cha rangi. Hakuna anayethubutu kumvua kwa nguvu, maana wanasema anayefanya hivyo hukivaa kile kifo yeye. Mimi ni Mkatoliki wa kila Jumapili, mambo hayo niliyasikiliza kwa sikio moja. Gauthier pia ni Mkatoliki, ila yeye husikiliza kwa masikio yote mawili kila anapoona faida.

Gauthier ni kaka mkubwa wa Evariste, mfanyabiashara wa Butembo, mtu wa kuvaa koti hata jua likipasua mawe. Tulipomaliza kuzika, familia iliketi uani kwetu, na katikati aliketi Muzee Sikuli, baba yao mdogo, ambaye neno lake ndilo la mwisho katika ukoo ule. Nilikuwa mkekani pembeni na binti zangu wawili, Fabiola aliyekuwa na miaka kumi na sita, na Charline mdogo wake. Gauthier alieleza wazee kwamba ndugu yake hakuacha testament na hakuacha mtoto mwanamume. Wasichana, alisema, ni wageni. Kesho wataolewa na kwenda kujenga kwa wengine. Kwa hiyo mali inarudi kwenye ukoo. Lakini alikuwa na mzigo unaomsubiri Butembo, na barabara ilikuwa inazidi kuwa mbaya, hakuwa na muda wa kugawa siku ile. Aliogopa kwamba akigeuka tu mimi nitauza bati. Basi akasimama, akajifunga vifungo vya koti, akasema:

"Mali ya ndugu yangu haiguswe na mutu yeyote, hata kijiko, mpaka huyu mama avue nguo ya kilio. Siku atavua, familia itakaa na kugawa. Wazee, mumesikia?"

Wazee wakasema wamesikia. Muzee Sikuli akayarudia maneno yale polepole, kama wanavyofanya ili neno likae. Gauthier akatia kufuli kwenye mlango wa chuma, ambapo ndani mlikuwa na sementi, milango na madirisha ambayo Evariste alishanunua, akaufunga ufunguo kwenye mkanda wa suruali. Mimi na watoto tukaambiwa tubaki kwenye nyumba ya mbao tukingoja siku hiyo. Hakuna aliyefikiri itachelewa. Kuna mjane gani asiyetaka kutoka kwenye nguo nyeusi?

Haukupita muda vita vikaingia mjini. Benki zikafunga, tribunal ikafunga, barabara ya Butembo ikakatika, na mtu mwenye kesi akabaki nayo mfukoni. Nilikwenda parokiani kumwona Maître Élodie, mwanamke mwanasheria anayesaidia watu huko bila makuu. Nilimweleza yote. Akaniambia kwamba kwa sheria ya nchi hii baba akifa bila testament, warithi wa kwanza ni watoto wake, na msichana ni mtoto sawa na mvulana. Na mimi nina haki ya kukaa katika nyumba ile. Nikamuuliza haki hiyo naenda kuichukua kwenye mlango gani. Akasema ukweli, na kwa hilo nilimpenda: kwa sasa milango imefungwa, na shemeji zangu watasema wanawashikia watoto mali kwa sababu ni wadogo. Lakini, akasema, siku Fabiola atafikisha miaka kumi na nane, yeye kama mtoto mkubwa ndiye wa kwanza kusimama juu ya mali ya baba yake, na hakuna tena wa kumshikia.

Nilirudi kwa miguu. Nilikuwa na hasira nyingi, na nitasema wazi kwamba nyingi ilikuwa ya Evariste. Ngoja nimalize, ngoja nimalize, na sasa mimi ndiye nilikuwa nangoja. Nilipofika Katindo nikasimama katikati ya watu, motari mmoja wa pikipiki akanitukana, sikumjibu, kwa sababu maneno ya Gauthier yalikuwa yamenirudia kichwani. Mpaka huyu mama avue. Gauthier alikuwa amefunga mlango kwa nje na komeo akaliacha kwangu.

Basi niliamua hapo hapo. Sitavua mpaka Fabiola awe mtu mzima. Nikaamua pia kutomwambia, kwa maana msichana wa miaka kumi na sita hana mfuko wa kufichia neno, na Gauthier alikuwa na namba yake ya simu.

Mvua zilipoanza, Gauthier alizunguka Uganda ili aje kutosha kilio. Alileta mbuzi, madumu ya kasiksi, ile pombe ya ndizi, kikwembe kizuri cha rangi, na dada yake Apolline. Huyu Apolline ndiye aliyenivika. Ni mjane pia, mrefu, mkavu wa maneno, na tangu niolewe hakuwahi kusifu hata mboga yangu. Alinipeleka nyuma ya nyumba ya mbao, mahali palipowekwa beseni la maji, akaniambia nifungue fundo. Nikaacha mikono yangu ilale mapajani.

"Niko nalia bado," nikamwambia.

Akayatazama macho yangu, makavu kama unga. Akaniuliza nalia na nini. Nikasema nalia na moyo. Akatoka kwenda kuwaambia wanaume. Wangesema nini? Maisha yao yote wamelalamika kwamba wajane wa siku hizi wanakauka haraka. Muzee Sikuli akakohoa, akasema mwanamke anayemlilia mume wake namna hiyo ni sifa kwa ukoo, na wakale mbuzi wasije wakampoteza bure. Gauthier alikula akiwa ameinamisha kichwa. Nami kwa adabu zote nilikaa mbali na karamu, kwa kuwa mjane haketi karamuni.

Msifikiri ilikuwa mchezo. Pale Kituku wanawake wenzangu waliniachia nafasi pana kama mwenye ukoma. Mnunuzi akija, akiona mkono wenye nguo ya kilio umeingia kwenye sambaza, anakumbuka ghafla kwamba leo nyumbani wanakula maharagwe. Baada ya muda samaki wakawa wananiozea. Nikaona basi, kama ni weusi, nitafute biashara ya weusi. Nikaanza kuuza makala, makaa ya kupikia, mbele ya kiwanja chetu. Chukudu, zile baiskeli kubwa za mbao za kusukuma, zilikuwa zinanishushia magunia, mimi nayapanga kwa mafungu, na hakuna aliyejali nguo yangu, kwa sababu muuza makala hata akivaa nyeupe jioni ni mweusi. Jirani yangu Saumu, Mwislamu ambaye babu zake walitoka Maniema, alikuwa anakuja kununua fungu na kunicheka. Alisema kwao eda ina mwisho, miezi minne na siku kumi, mwanamke anaoga anaendelea na dunia. Je, mimi nataka kwenda na yangu mpaka mbinguni? Nikamwambia mbinguni pia watahitaji makala. Akasema siyo mbinguni, mama, ni ule upande mwingine.

Kicheko kilisaidia, lakini hakikunilaza kitandani. Mkeka juu ya mbao, na mbao juu ya mawe ya volkano, mgongo unayajua yote. Siku Charline alipopokea komunyo ya kwanza, nilisimama nyuma kabisa ya kanisa, nikamwona anatembea na mshumaa wake na gauni la kuazima, na sherehe ilifanyika kwa Saumu, nami nikakaa huku upande wangu wa seng'enge nikisikia wakimwimbia mtoto wangu. Hapo nilikuwa karibu kufungua fundo. Mkono ulishafika. Nikautazama mlango wa chuma na kufuli lake, nikaurudisha.

Fabiola ndiye aliyekuwa mgumu zaidi. Gauthier alimtumia simu mpya, akawa anampigia kila wiki. Alimwahidi kumsomesha univasite Butembo, akae kwake, ale kwake, mradi mama yake aache ukaidi na kumaliza kilio. Mtoto alikuwa anaona aibu shuleni. Wenzake walimwita binti wa giza. Siku moja alinikuta nazichovya nguo zangu kwenye rangi ili ziwe nyeusi tena, maana zilikuwa zimeanza kupauka. Akasimama mlangoni.

"Mama," akasema, "papa alikufa mara moja. Sisi tuko tunakufa kila siku na hii nguo."

Nikamuuliza, nikivua leo, kesho atasomea katika nyumba gani. Akajibu kwamba atasomea kwa baba mkubwa. Neno lile liliniuma kuliko kufuli. Nilitaka kumwambia kila kitu, nikaumeza ulimi, nikaendelea kuchovya. Wiki nzima mikono yangu ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko, na wiki nzima hakuniita mama.

Safari ya pili Gauthier hakuja na mbuzi. Alikuja na mnunuzi, mtu wa mbao aitwaye Gentil, mnene, mwenye kofia. Mtu aliyesema isiguswe hata kijiko sasa alikuwa anauza nyumba nzima, naye akimzungusha mgeni kwenye kuta, akimwonyesha vyumba vyenye bati, akigonga mawe kwa kiganja ili yasikike yalivyo imara. Mimi nilikuwa napima makala. Gentil akauliza yule mama ni nani. Gauthier akasema ni mjane wa ndugu yake, asijali. Gentil akasimama.

"Kilio haiyatoka?"

Gauthier akasema itatoka, ni siku chache. Gentil akavua kofia, akanisalimu kwa mbali kama inavyopaswa kwa mjane. Nami nikainama, pengine kidogo zaidi ya ilivyohitajika, na nikavuta kamasi. Gentil akamgeukia Gauthier akamwambia kwamba yeye ni mtu wa biashara, ana watoto, na hawezi kununua nyumba yenye kilio ndani; mtu atalala vipi juu ya machozi ya mwingine? Akaondoka na kofia yake mkononi mpaka barabarani.

Hapo Gauthier akaacha adabu. Alimpigia Apolline simu aje, naye akaja, kwa kuwa wakati ule alikuwa amehamia kwa jamaa zake huku Goma. Akamwamuru anivue kwa nguvu, leo hii, fundo au bila fundo. Nilijua nimefika mwisho. Apolline ana mikono ya mtu aliyelima maisha yake yote, na mimi mgongo wangu ulikuwa umekwisha. Akaja mpaka nilipokuwa, akanitazama, akazitazama zile kuta za kifuani. Kisha akamgeukia kaka yake, na sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Mimi walinitosha kilio asubuhi. Mangaribi sufuria zangu zilikuwa juu ya kamyo ya shemeji. Gauthier, ulikuwa pale, ulikula nyama. Kama unataka kumuvua huyu, mikono yako iko pale."

Gauthier aliitazama mikono yake. Mtu anayeamini mambo anaweza kuyatumia vizuri, lakini nayo humtumia. Akaingia kwenye taksi akarudi alikotoka.

Apolline akaketi mkekani kwangu kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Akaniuliza kilio hiki kinaisha lini, maana kila kilio kina lini yake. Nikamwambia: siku Fabiola anatimiza miaka kumi na nane. Akanikazia macho, nikafikiri nimejiharibia. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka akashika ukuta, akacheka mpaka Charline akatoka kuchungulia. Kuanzia siku ile alikuwa anakuja kununua makala kwangu, na bado hakusifu mboga.

Siku zikasogea. Kabla ya siku ya kuzaliwa kwa Fabiola nilimketisha nikamwambia yote: maneno ya baba yake mkubwa, maneno ya Maître Élodie, kwa nini sikuvua, kwa nini sikumwambia. Nikamwambia pia lililo gumu. Nikishavua, neno si langu tena, ni lake. Anaweza kusimama upande wetu, anaweza kumpa baba mkubwa kila kitu na kwenda Butembo kusoma, na mimi sitakuwa na la kumzuia. Alisikiliza akiwa amekamata ile simu kwa mikono miwili. Akachukua dumu, akaenda kuchota maji.

Mimi mwenyewe nikatuma ujumbe Butembo: kilio kimenitosha, mje. Gauthier alifurahi hata kwenye simu. Alikuja na mbuzi mkubwa kuliko wa kwanza, na wazee, na Muzee Sikuli akishikwa mkono. Nilimwalika pia shefu wa avenyu, mkubwa wa mtaa wetu, kwa heshima nilisema, na Saumu akaja akaketi karibu na lango mahali ambapo hakuna kitakachompita. Apolline akanipeleka kwenye beseni. Fundo lilikuwa limezoea kufungwa, lakini lilifunguka. Akanimwagia maji bila haraka, mabega, mgongo, miguu, na yale maji yaliyotiririka chini yalikuwa ya makala kweli kweli. Akanivika kikwembe cha njano alichokichagua Charline. Nilipotoka, wanawake wakapiga vigelegele, na Gauthier akapiga makofi kuliko wote.

Nguo ya kilio huchomwa. Nikasema moto ninao, muuza makala hakosi moto. Nikaiweka juu ya makala yangu mwenyewe, ikashika, na ilipokwisha wakaweka juu yake nyama ya mbuzi wa Gauthier.

Nyama ikiwa bado motoni, Gauthier akasimama na koti lake. Akawashukuru wazee, akasema kilio kimetoka, sasa familia ikae kama ilivyosemwa. Muzee Sikuli akauliza swali ambalo mkubwa wa ukoo huuliza siku hiyo: marehemu ameacha nani? Ni swali la desturi, na Gauthier alishafungua mdomo kulijibu. Fabiola akasimama kabla yake.

Nilimtazama mtoto wangu nikaona simu ya Gauthier mkononi mwake. Miaka miwili ya mkeka, samaki walioniozea, komunyo ya Charline niliyoisikia kwa masikio tu, vyote vilikuwa mdomoni mwa msichana aliyewahi kuniambia kwamba ninamwua kila siku. Niliogopa kama sijawahi kuogopa. Nikashika ncha ya kikwembe.

"Muzee," Fabiola akasema, "marehemu ameacha mimi. Miaka kumi na nane nimeshapita. Niko mukubwa wa watoto wake, na Charline ananifuata. Baba mukubwa alisema mali haiguswe mpaka mama avue. Mama amevua. Sasa sisi tunaigusa."

Akatembea mpaka mbele ya Gauthier, akapiga goti kidogo, akanyoosha mikono miwili kama mtu anayepokea kitu kwa mkubwa.

"Baba mukubwa, unipatie ufunguo."

Gauthier alisema mengi. Alisema mwanamke haketi kwenye kiti cha baba, alisema haya ni mambo ya vitabu vya wazungu, alisema mtoto amefundishwa na mama yake. Hilo la mwisho lilikuwa kweli na sikulikana. Shefu wa avenyu akasema kwamba hata yeye sheria anaijua hivyo hivyo, watoto ndio warithi, na nyumba ile iko katika avenyu yake. Lakini aliyemaliza ni Muzee Sikuli. Alimuuliza Gauthier nani aliyeweka neno lile siku ya maziko. Gauthier akasema ni yeye, lakini alikuwa na maana nyingine. Mzee akamwambia maana alirudi nayo Butembo. Wao wazee waliachiwa neno, na neno walilisikia. Mbona mama huyu amelala chini miaka miwili kwa kulitii, na mwenye neno ndiye anataka kulivunja?

Gauthier akauchomoa ufunguo kwenye mkanda. Fabiola akaupokea kwa mikono miwili, na kwenye kiganja kilichobaki wazi akaiweka ile simu. Saumu kule langoni akasema alhamdulillahi kwa sauti ya mtu anayejisemea.

Kufuli lilikuwa na kutu, ikabidi liwekwe mafuta ya kupikia. Mlango ukafunguka, tukaingia sisi watatu na Apolline. Milango na madirisha ya Evariste yalikuwa yameegemea ukuta, yana vumbi. Kofia yake ya kazi ilining'inia kwenye msumari. Na mifuko ya sementi ilikuwa imepangwa kwenye kona, safi, mmoja juu ya mwingine, jinsi alivyokuwa anapanga kila kitu. Nikaugusa mmoja. Ulikuwa jiwe. Nikagusa mwingine, jiwe. Ilikuwa imeganda yote ndani ya mifuko yake, ikingoja kumaliza ukuta.

Nikaketi chini pale pale na kikwembe changu cha njano, nikalia. Sikulia kwa moyo, nililia kwa macho na kwa pua na kwa sauti, mpaka wanaume huko nje wakaacha kutafuna. Nilimlilia Evariste mwenyewe, mikono yake, ubishi wake, hiyo ngoja yake. Apolline akaniinamia.

"Sasa ndiyo unalia?"

"Sasa ndiyo nimepata nafasi," nikamwambia.

Akaniacha nilie. Kisha akatoka akaniletea nyama.

Ile mifuko hatukuitupa. Fabiola na Charline waliikokota mpaka mlangoni wakaipanga ikawa ngazi, na imara kuliko ngazi yoyote Ndosho. Jumatatu Maître Élodie alipokuja nyumbani, tuliketi juu yake mimi na yeye, nikamtajia binti zangu, kiwanja, kuta na kila kitu kinachonifuata, naye akaandika testament yangu, nami nikatia sahihi na kidole chenye makala. Aliniuliza kama sitaki kungoja vyumba vilivyobaki vikwishe kwanza, ili viingie vizuri. Nikamwambia aandike hivyo hivyo, vikiwa vya kifuani.